Kimbunga kinakuja: namna ya kuandaa mtaa mzima badala ya nyumba moja moja

Kimbunga hakishtukizi watu kama tetemeko la ardhi. Setilaiti hukiona kingali mbali baharini, na vituo vya utabiri hutoa taarifa mpya kila baada ya saa chache mpaka kifike. Mara nyingi siku mbili tatu za kujiandaa zinakuwepo. Namna zinavyopotea ndiyo habari nyingine: kila nyumba inahangaika kivyake, huyu anasaka mbao, yule yuko kwenye foleni ya mafuta, wa tatu ana drili lakini hana wa kumshikia ngazi, na bibi wa nyumba ya pembeni amekaa anatazama madirisha yake ya kioo kwa sababu hakuna aliyemgongea mlango.

Mwongozo huu ni wa watu wa nyumba kumi hivi, au ghorofa moja ya jengo, wanaoweza kuitana kwa sauti. Mkizidi hapo mnapoteza hesabu ya nani yuko wapi. Vifaa vingi mnavyovihitaji tayari mnavyo, kila mmoja kipande chake; kinachopungua ni mikono na muda. Na fimbo ya mbali haiui nyoka. Vikosi vya uokoaji huacha kutoka upepo unapozidi kiwango, na ukishatulia huzikuta barabara zimezibwa na miti na nguzo za umeme. Saa za mwanzo, wakati mwingine siku za mwanzo, msaada utakuwa wa jirani.

Hatua ya 1: Hesabuni saa kwa kurudi nyuma

Swali linaloulizwa zaidi ni kimbunga kitafika lini, na jibu linalotolewa ni saa ambayo jicho lake, yaani katikati yake penye utulivu, litagusa nchi kavu. Msiitumie saa hiyo kupangia kazi. Upepo wa kilomita 63 kwa saa, ambao ndio mwanzo wa nguvu ya dhoruba ya kitropiki, hulitangulia jicho kwa saa nyingi, kwani katika vimbunga vikubwa upepo wa aina hiyo hutanda mamia ya kilomita kutoka katikati. Ukishaanza, karatasi ya plaiwudi mikononi mwa mtu aliye juu ya ngazi ni tanga la jahazi. Kazi zote za nje ziwe zimekwisha kabla ya hapo. Hata kituo cha taifa cha vimbunga cha Marekani hupanga hivyo: tahadhari ya awali hutolewa saa 48 kabla ya upepo huo kutarajiwa, na onyo kamili saa 36 kabla.

Basi andikeni saa ya upepo huo juu ya karatasi, kisha mrudi nyuma. Saa 6 kabla yake, kila mtu yuko ndani na kila ngazi imerudi kwa mwenyewe. Saa 24 kabla, wanaohama wameshaondoka. Saa 36 kabla, drili zianze kulia. Muda wote ulio nyuma ya hapo ni wa kikao, orodha, maji na dawa. Taarifa mpya ikiileta saa ya upepo karibu zaidi, sogezeni ratiba nzima. Ikisema kimbunga kimepunguza mwendo, endeleeni na ratiba ya zamani, kwa sababu kinaweza kuuongeza tena usiku mkiwa mmelala.

Mchagueni mtu mmoja wa kusoma taarifa na kuwaeleza wengine, ili msigombanie picha zilizosambazwa na watu wasiojulikana. Mtu huyo ajue mambo machache. Umbo la faneli kwenye ramani huonyesha mahali ambapo katikati ya kimbunga huenda ikapita; halionyeshi ukubwa wa kimbunga, na nyumba iliyo nje ya faneli inaweza kupigwa vibaya. Madaraja ya 1 hadi 5, yanayoanzia kilomita 119 kwa saa na kumalizia kwa kilomita 252 na zaidi, hupima upepo peke yake. Mvua na maji ya bahari hayamo katika hesabu hiyo, kwa hiyo kimbunga cha daraja la 1 kinachotembea polepole kinaweza kuzamisha mji. Kusini mwa ikweta upepo mkali zaidi huwa upande wa kushoto wa njia ya kimbunga, kaskazini huwa upande wa kulia. Na taarifa za kimataifa mara nyingi hutumia saa za UTC, yaani saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Aliyesahau kuzibadilisha atawaambia watu saa isiyo sahihi, na hapa saa tatu ni nyingi.

Hatua ya 2: Kikao kimoja na karatasi moja

Kikao kikizidi nusu saa kimegeuka mkutano wa hadhara. Watu wasimame, mmoja aandike. Kwa kila nyumba andikeni: watu wangapi, nani hawezi kutembea au kupanda ngazi, nani anategemea dawa au mashine ya umeme, nafasi ngapi zimebaki kwenye gari, vifaa gani vipo, nani ana ujuzi (nesi, seremala, fundi umeme, dereva wa lori), watalala wapi usiku wa kimbunga, na namba ya ndugu mmoja anayeishi mbali na eneo la hatari.

Namba hiyo ya ndugu wa mbali ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Mitandao ya simu ikizidiwa, kupiga hushindikana mapema, lakini ujumbe mfupi wa maandishi mara nyingi hupenya. Kila nyumba itume ujumbe mmoja kwa ndugu yake, naye ajibu maswali ya jamaa wengine wote. Hivyo betri zenu zinabaki za dharura.

Karatasi inakiliwe kwa mkono mara tatu na kuwekwa katika nyumba tatu tofauti, ndani ya mfuko wa plastiki. Kundi la WhatsApp ni zuri mpaka mnara wa simu uanguke. Habari za ugonjwa wa mtu zisisomwe mbele ya wote. Wazijue watu wawili waliokubaliwa na mgonjwa mwenyewe. Wala msiandike kwenye kundi lolote kubwa kwamba nyumba fulani itakuwa tupu kuanzia kesho asubuhi, kwani mnajua vyema wasomaji wengine wa makundi hayo ni watu gani.

Kisha pangeni nyumba tatu tatu. Wengi hupanga mbili mbili, lakini mmoja akihama mwenzake anabaki peke yake. Sharti la utatu ni hili: hakuna anayeondoka wala kujifungia ndani kabla ya kuwaona kwa macho wale wawili wengine. Kuwaona, si kuwatumia ujumbe. Baada ya kimbunga cha mwaka 1970, kilichoua watu wasiopungua laki tatu katika nchi ambayo sasa ni Bangladesh, ulijengwa mpango mkubwa wa wanavijiji wa kujitolea wanaopita na vipaza sauti na kupandisha bendera za tahadhari. Vifo vya vimbunga nchini humo vimepungua sana tangu wakati huo, na pamoja na setilaiti na majengo ya kujihifadhia, sehemu ya kazi imefanywa na jirani aliyefika mlangoni. Mtu anaposikia onyo redioni hungoja aone wengine watafanya nini. Akigongewa mlango na mtu anayemfahamu, mara nyingi hapo hapo huanza kufunga virago.

Hatua ya 3: Nani ahame, na aondoke na nani

Maji huua kuliko upepo. Kimbunga husukuma bahari kuelekea nchi kavu, na kikiingia wakati wa maji kujaa, kina huongezeka juu ya kile kilichokuwepo tayari. Penye ardhi tambarare maji hayo yanaweza kuingia ndani kilomita nyingi. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu nyumba lisiwe uimara wa kuta zake, liwe mahali ilipo. Iliyo bondeni, kando ya mto, ufukweni au chini ya mlima unaoporomoka, watu wake waondoke hata kama ni ya zege. Iliyo juu, imara, yenye paa lililofungwa vizuri, inaweza kubaki na hata kupokea wengine. Nyumba za mabati matupu, za udongo na zile za kuhamishika ziachwe bila kujali zilipo. Na amri ya kuhama ikitolewa na serikali, mjadala umekwisha.

Msisahau mito. Kimbunga Idai kiliingia karibu na Beira, Msumbiji, usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, lakini mito ya Buzi na Pungwe iliendelea kujaa siku zilizofuata na kugeuza maeneo makubwa ya bara kuwa ziwa. Waliodhani upepo ukipita hatari imepita walikutwa juu ya mapaa na miti.

Wa kuondoka kwanza ni wale wanaochelewa kuondoka: wazee, wagonjwa, wajawazito walio karibu kujifungua, wenye ulemavu. Karibu nusu ya watu waliokufa jimboni Louisiana katika kimbunga Katrina, mwaka 2005, walikuwa na umri wa miaka 75 au zaidi. Anayesafishwa damu kwa sababu ya figo aulize kituo chake kama anaweza kuhudumiwa mapema kabla huduma hazijasimama. Anayetumia oksijeni ahamie penye umeme wa uhakika, wala asingoje saa 24 za mwisho. Anayebebwa, jaribuni kumbeba leo, mchana, kwa kiti chenye egemeo na watu wawili, mjue mlango upi ni mwembamba.

Kuna yule mzee ambaye hataki kusikia habari ya kuhama. Mara chache sana anabishana na kimbunga. Ana kuku, ana hati za shamba, anaogopa wezi, au anaona aibu kusaidiwa chooni mbele ya watu kituoni. Ukimhutubia kuhusu kasi ya upepo atakusikiliza kwa heshima na kubaki palepale. Aende kijana anayempenda, amsalimie, amwambie: "Baba, gari linaondoka saa 2 asubuhi na kiti cha mbele ni chako. Kuku tumwachie nani?" Swali hilo la mwisho lina nguvu kuliko maneno yaliyolitangulia, kwa kuwa linashughulikia kinachomzuia. Hati zikiwa ndizo shida, zipigeni picha, kisha zitieni kwenye mifuko miwili ya plastiki avae mwenyewe shingoni. Faragha ikiwa ndiyo shida, mtafutieni nyumba ya jirani iliyo juu badala ya ukumbi wa watu mia mbili.

Nafasi za magari zigawanywe kwa majina. "Tutabebana" ni neno la kirafiki ambalo asubuhi ya safari humwacha mtu barabarani na begi lake. Kila gari lijazwe mafuta siku mbili kabla, na dereva ajue njia mbadala isiyovuka daraja la chini. Maji yanayotembea ya kina cha sentimeta 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, ya sentimeta 30 huelea na kusogeza magari madogo, na ya sentimeta 60 huchukua karibu gari lolote.

Hatua ya 4: Kikosi cha madirisha

Hapa ndipo ujirani unapoonyesha faida yake waziwazi. Mtu mmoja na ngazi yake atashinda siku nzima kwenye nyumba moja na huenda akaanguka. Watu wanne wenye kazi tofauti huenda haraka zaidi na kwa usalama: mmoja anapima na kuandika, mmoja anakata, wawili wananyanyua na kufunga. Anzeni na nyumba ya asiyeweza kujifungia mwenyewe. Ukianza na nyumba za vijana wenye nguvu, ya mzee itafikiwa jua likiwa limezama. Wekeni saa mnapofunga nyumba ya kwanza, zidisheni kwa idadi ya nyumba zilizobaki, ndipo mtajua kama mnahitaji kikosi cha pili. Makadirio yasiyopimwa huwa ya matumaini.

Plaiwudi iwe na unene wa milimita 16 au zaidi, na ikatwe iwe kubwa kuliko uwazi wa dirisha kwa sentimeta 10 hivi kila upande. Tumieni skrubu, misumari hung'oka ubao unapovutwa na kusukumwa kwa zamu. Skrubu ziingie kwenye mbao za nyumba au kwenye plagi za skrubu zilizotiwa ukutani, wala zisitegemee fremu ya dirisha, ambayo ni dhaifu. Kila ubao uandikwe kwa kalamu ya wino usiofutika: nyumba ipi, dirisha lipi, upande upi juu. Acheni angalau njia moja ya kutokea inayofunguka kutoka ndani bila drili.

Msipoteze muda kubandika utepe wa gundi kwa alama ya X kwenye vioo. Haizuii kioo kuvunjika, na inaweza kukifanya kidondoke kwa vipande vikubwa zaidi. Ile hadithi ya kuacha dirisha moja wazi "ili upepo upite" nayo iachwe. Upepo ukipata pa kuingilia hulisukuma paa kutoka chini wakati huohuo unalivuta kutoka juu, na nyumba nyingi hupoteza paa kwa namna hiyo. Fungeni kila kitu, pamoja na milango ya vyumba vya ndani, kwani hiyo hupunguza nguvu inayolifikia paa. Mlango mpana wa gereji ndio dhaifu kuliko yote: uimarisheni kwa mbao za kulala kutoka ukuta hadi ukuta.

Mabati yaliyolegea yakazwe kwa skrubu kungali shwari. Kuweka mawe, matairi au mifuko isiyofungwa juu ya paa ni kumtengenezea jirani wa pili makombora.

Hatua ya 5: Piteni mtaani mkiokota

Karibu kila kitu cha nje kisichofungwa kitaruka, na kitaua au kuvunja mbali na kwenu. Ndiyo maana usafi wa ua ni kazi ya wote: plaiwudi yako ya milimita 16 haina maana kama meza ya chuma ya jirani iko wazi upande upepo unakotokea. Piteni pamoja nyumba hadi nyumba, mkiingiza viti, vyungu vya maua, baiskeli, mabango, vibao vya biashara, antena na sahani za televisheni. Mitungi ya gesi ifungwe valvu, isimamishwe wima na kufungwa kwa minyororo nje, mbali na madirisha. Matangi ya plastiki yajazwe maji mpaka juu. Tangi tupu huondoka na mabomba yake, lililojaa hutulia na mmepata maji ya akiba.

Mitaro na mifereji ya maji ya mvua isafishwe siku hiyohiyo, takataka zikiwekwa mahali zisikoweza kurudi. Kuhusu miti, nina msimamo ambao watu wa panga hawaupendi: kama hamkukata matawi mapema, msianze siku ya mwisho. Matawi yaliyokatwa na kuachwa barabarani ni hatari kuliko yaliyo bado juu ya mti, na hakuna gari la kuyazoa siku hiyo. Kata tu lile lililokauka na kuning'inia juu ya paa la mtu, kisha likatwe vipande vipande na kuingizwa ndani.

Mifugo ipelekwe sehemu ya juu mapema. Wasioweza kuhamishwa wasifungwe kamba wala kufungiwa kwenye banda bondeni.

Hatua ya 6: Maji, chakula, dawa

Hii orodha kila mtu anaijua, kwa hiyo niende haraka. Maji ya kunywa na kutumia, lita 4 kwa mtu kwa siku, kwa siku tatu angalau. Wiki ni bora. Ndoo na madumu mengine yawe ya choo. Chakula kisichohitaji kupikwa, kifungua kopo, maziwa ya mtoto, dawa za wiki mbili, tochi, redio ya betri, filimbi, fedha taslimu za noti ndogo, viatu vigumu vya kila mtu karibu na kitanda.

Kutibu maji ya bomba yasiyoaminika: klorini ya kufulia isiyo na manukato wala rangi, yenye nguvu ya asilimia 6 hadi 8, matone mawili kwa lita, changanya, ngoja nusu saa. Yakiwa na ukungu, chuja kwanza kwa kitambaa safi, kisha matone mawili yawe manne. Maji yaliyochanganyika na mafuta au kemikali hayatibiki hivyo.

Jambo ambalo majirani wanaweza kufanya na nyumba moja haiwezi ni kukusanya vitu vya baridi. Friji isiyofunguliwa hutunza baridi kwa saa 4 tu. Friza iliyojaa hukaa saa 48 hivi, na iliyojaa nusu tu hukaa saa 24. Basi jazeni friza mbili au tatu mpaka juu badala ya kuwa na kumi zenye nusu, na katika moja wekeni chupa za maji zigande. Mojawapo iwe ya barafu kwa ajili ya insulini ya mtaa mzima. Lakini insulini yenyewe isigande, ikae ndani ya kitambaa kando ya barafu, na mtu mmoja ajue iko wapi.

Hatua ya 7: Usiku wenyewe

Chumba cha ndani, kisicho na dirisha, ghorofa ya chini ambayo maji hayafiki. Swichi kuu ya umeme izimwe kabla maji hayajaingia, maana ukishakuwa umesimama kwenye maji huruhusiwi kuigusa. Maji yakipanda, pandeni juu, lakini msijifungie darini pasipo na njia ya kutokea juu ya paa. Wapo waliozama wakiwa wameng'ang'ania mbao za dari. Shoka liwe huko kabla yenu.

Nyumba tatu za utatu zikubaliane ishara moja tu ya filimbi na maana yake moja tu: tunahitaji msaada upepo ukitulia. Hakuna anayetoka kwa sababu ya filimbi upepo ukiwa unavuma. Ni sharti gumu, nalo lisemwe wazi kwenye kikao ili mtu asilazimike kuliamua saa 9 usiku akimsikia rafiki yake.

Halafu kuna ule utulivu. Jicho likipita juu yenu, upepo hukatika, mvua huacha, pengine nyota huonekana. Unaweza kudumu dakika chache au zaidi ya nusu saa, kisha upepo hurudi ghafla kutoka upande wa pili, kwa nguvu ileile. Watu hufa hapa kwa kutoka kukagua paa. Mtoto yeyote mtaani aweze kueleza jambo hili kabla ya kulala.

Hatua ya 8: Baada ya upepo

Subirini tangazo kwamba kimbunga kimekwisha. Freddy, mwaka 2023, kiliipiga Msumbiji mwezi Februari, kikarudi baharini, kikaipiga tena mwezi Machi. Tangazo likishatoka, kila utatu ujihesabu kwanza, kisha karatasi ipitishwe nyumba kwa nyumba na kila jina liwekwe alama: ameonekana, yuko kituoni, hajulikani. Majina ya kundi la tatu ndiyo yatakayopewa waokoaji, pamoja na mahali mtu alipokuwa analala. Hayo mawili huokoa muda mwingi wa kufukua mahali pasipo na mtu.

Vaeni viatu. Kila waya ulioanguka uchukuliwe kuwa una umeme, hata kama mtaa mzima uko gizani, kwa sababu jenereta iliyochomekwa kwenye soketi ya nyumba hurudisha umeme kwenye nyaya za barabarani na kumuua fundi aliyekuja kuwasaidia. Jenereta isiunganishwe hivyo kamwe. Ikae nje, angalau mita 6 kutoka kwenye milango na madirisha, na moshi wake uelekee mbali na nyumba zote, ya jirani ikiwemo. Gesi ya sumu iliyo katika moshi huo haina harufu, nayo huua familia nzima usingizini siku mbili tatu baada ya kimbunga, watu wakiwa wameshapumua wakidhani wamenusurika. Jiko la mkaa ndani ya chumba hufanya vilevile.

Kama jenereta ni moja, wekeni zamu: asubuhi friza na simu, jioni mashine za wagonjwa. Mafuta yachangwe. Ugomvi wa mafuta huanza kimyakimya siku ya tatu, basi andikeni nani alitoa lita ngapi tangu siku ya kwanza.

Msumeno wa injini ashike aliyewahi kuutumia, na asiwe peke yake. Tawi lililopinda chini ya mti mwingine huwa limebana nguvu na humrukia anayelikata. Wazee walioachwa nyumbani wapitiwe mara mbili kwa siku mpaka umeme urudi, mara moja kati ya hizo mchana wa jua kali, kwa kuwa chumba kilichofungwa mbao hupata joto haraka. Ndiyo sababu pia mbao za madirisha zishushwe mapema, zikianza za vyumba vya kulala vya watoto na wagonjwa. Zioshwe tope, zikaushwe, zilazwe mahali pakavu zikiwa bado na namba zake, na skrubu za kila dirisha ziwekwe kwenye mfuko uliofungwa kwenye ubao wake.